Makonyo

Barua ya askofu ilikuwa na mistari minne:
miezi mitatu, Padri, usiguse madhabahu.
Niliisoma nimesimama, kama mtu aliyefukuzwa,
nikaikunja ndani ya daftari la ubatizo
na kesho yake nikashuka Mkoani na begi moja.

Miaka kumi na tisa nimewaambia watu
Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba.
Siku yangu ya saba ilikuwa ibada tatu,
kikao cha wazee, mgonjwa wa Kikwajuni,
na wali uliopoa chini ya kawa.

Bi Mize wa Limbani alinipangisha chumba cha uani.
Hakuniuliza dini. Aliniuliza kama nala pweza
na kama nakoroma.
Gervasi likamshinda ulimini, akaniita Mgeni,
na jina likanikaa
kama shati la kuazima lisilobana makwapa.

Wiki ya kwanza nililala kama mtu anayelipa deni.
Saa kumi alfajiri nikashtuka,
mkono ukitafuta kamba ya kengele gizani.
Msikitini muadhini alikuwa ameshaanza.
Basi. Kuna mtu mwengine wa zamu.
Nikageukia ukutani.

Wiki ya pili sikuweza kusali.
Nasema kweli. Nilifungua mdomo,
yakatoka maneno ya vikao:
*hivyo basi, wapendwa, kwa heshima na taadhima.*
Nikaufunga.

Jioni karafuu humwagwa juu ya jamvi
na nyumba nzima hukaa kuchambua,
karafuu huku, makonyo kule.
Shaame, wa darasa la tano, alinicheka:
"Mgeni, wewe wachambua kama wasoma!"
Alisema kweli. Nilikuwa nazitazama moja moja,
kila kichwa na kikonyo chake,
nikisaka humo mahubiri ya Jumapili.
"Vunja tu. Kwa kidole gumba. Hivi."
Nikavunja tu.

Mwezi wa pili akafa Mzee Faki, nyumba ya tatu.
Miguu iliinuka yenyewe,
mkono ukapapasa mfuko: kitabu hakimo.
Hakuna aliyenitazama.
Hakuna aliyesubiri mimi nianze.
Nilikaa mkekani kati ya mpasua mbao
na mtu anayetengeneza mafriji,
nikapewa kahawa, nikapewa nafasi,
na hapo, wenye kusoma wakisoma,
nikamlilia mama,
niliyemzika mwenyewe mwaka juzi
kwa sauti kavu, jicho moja
likiangalia kama kipaza sauti kinafanya kazi.
Mpasua mbao hakuuliza kitu.
Alisogeza bega lake kidogo, likabaki pale.

Siku ile ile ya tatu baada ya msiba
mvua ilitutimua saa nane mchana.
Watu, watoto, mpaka majirani wasiosemezana,
sote mbio kukunja majamvi.
Niliteleza, nikakaa matopeni na pakacha kichwani,
nikacheka mpaka mbavu zikaniuma.
Bi Mize akasimama kwenye mvua:
"Kumbe una meno!"

Sikupata maono. Askofu akiuliza, nitamwambia nimenenepa.
Bi Mize alinilipa kwa pishi, kama wenzangu,
noti kuukuu zinazonuka jikoni,
na nilizihesabu mara mbili kwa furaha ya kijinga,
mimi ambaye kazi yangu
haijawahi kupimwa na mizani yoyote
isipokuwa ile ninayoiogopa.
Usiku ule nilisali. Maneno mawili.
Sitayasema hapa.

Nimerudi Unguja.
Kengele siku hizi anaipiga kijana Desideri,
huichelewesha dakika mbili, tatu,
na mwisho huikata ghafla kama amekumbuka chai jikoni.
Wazee wamelalamika.
Namwacha.
Nakaa ukingoni mwa kitanda, miguu sakafuni,
nakinusa kidole gumba.
Hakinuki tena.
Nanusa hivyo hivyo.